Kidadisi Chenye Adabu

9 Machi

Kitinda wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui nyinyi huko. Nimefika salama, kazi nimeanza, na kabla hujauliza, ndiyo, chakula kinalika.

Utacheka. Hapa tunalinda kompyuta zaidi ya mia nane ndani ya jengo lisilo na dirisha hata moja, zimejaa faili za shule, maduka na ofisi za watu nisiowajua. Halafu mimi na wewe tunaandikiana kwa kalamu kama babu na bibi. Simu unaivua getini kama viatu, unapewa kibati chenye namba, unarudishiwa siku ya mapumziko. Barua pepe za nje zimefungwa. Gari la kampuni hupeleka barua posta mara moja kwa wiki, na dereva wake anazipokea kama mtu aliyeongezewa mzigo wa mawe.

Sasa kazi yenyewe. Kuna programu kuu inayosimamia mashine zote, sisi tunaiita Mkuu. Kila baada ya muda Mkuu anaiuliza kila mashine: una diski ngapi, una kumbukumbu kiasi gani, unatumia mfumo upi? Mashine inajibu, na kwa majibu hayo Mkuu anaipangia kazi. Shida ni kwamba maswali yake ni ya kiwandani. Hajui mashine iko chumba gani, inamhudumia mteja gani, wala kama diski zake zimeanza kuzeeka. Msimamizi wetu, tunayemwita Miwani kwa sababu anazo mbili na zote huzivaa kichwani huku anazitafuta, amenipa kazi ya kutengeneza programu ndogo ya nyongeza, ikae ndani ya kila mashine na kumjazia Mkuu yale asiyoyajua. Nimeibatiza kidadisi. Wewe kule maktaba ya chuo umeshatengeneza vya namna hii. Nianzie wapi?

Jumapili nilimpigia Mama. Kasema hajambo, kwa sauti ya juu kabisa. Nimefurahi.

Kaka yako


17 Machi

Kaka,

Barua imefika, inanuka dizeli. Sisi hatujambo.

Nakujua, kwa hiyo nakuomba kidadisi usikifanye cha kujionyesha. Kiwe kifupi. Usikitume kuuliza maoni. Ukiiuliza mashine "u hali gani" umejitafutia balaa, maana mashine haina hali, ina vipimo. Iulize diski imekosea kusoma mara ngapi, joto limefika wapi, iliwashwa lini. Jibu liwe namba au jina, basi. Kuamua kama ni mzima au mgonjwa mwachie Mkuu, au uamue mwenyewe ukiwa umeziona namba. Pia kisikae sana kwenye swali moja, maana kikikwama na Mkuu naye amekwama akikingoja. Na kikikosa jibu kinyamaze, kisibuni. Changu kilikuwa kikikosa jina la chumba kinaandika "ghorofa ya chini", na kabla sijastuka nusu ya maktaba ilikuwa imehamia huko bila mtu kubeba hata meza.

Mama hajambo. Ila ngazi zimeanza kumshinda, mpangaji wa ghorofa ya pili amemwekea kiti kwenye kona apumzike akipanda. Na pete yake ya ndoa ameihamishia kwenye kidole gumba. Jumapili ulipopiga alikuwa amelala. Aliposikia mlio akaamka, akakaa kitako, akafunga kitambaa chake kichwani, akakohoa kusafisha koo, ndipo akapokea. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama.

Kitinda


6 Aprili

Kitinda,

Mimi mzima. Pete kwenye kidole gumba! Mwambie Mama aache kuiga fasheni za wasichana wa chuoni kwako, atakuja kutoboa pua bure.

Ushauri wako nimeupokea, ila nimeukata kidogo. Miwani hataki namba. Anasema hana muda wa kusoma namba za mashine mia nane, anataka neno moja kwa kila mashine ili ukuta wake wa skrini uwe kijani. Kwa hiyo kidadisi changu kinatoa mistari miwili. Wa kwanza ni hali, wa pili ni maelezo. Mashine ikiwa na kasoro ndogo inasema "mzima", halafu chini yake "ila diski ya pili imeanza kukosea". Hivyo hakuna kinachofichwa, na hakuna anayeshtuliwa.

Unakumbuka siku bomba la bafuni lilipopasuka? Mpangaji wa chini akagonga mlango kuuliza kulikoni, na wewe ukiwa mdogo hivi, maji yamekufika vifundoni, ukamjibu "salama tu, shikamoo". Mama alikusifu wiki nzima. Alisema mtu mwenye malezi hutanguliza salama, mengine yanafuata. Basi, kidadisi changu kimelelewa na Mama.

Likizo nimeandikiwa mwisho wa Juni. Mwambie aniwekee nafasi pale karibu na dirisha.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka,

Hatujambo.

Kidadisi chenye adabu ni cha kuogopwa. Wewe ukisoma "mzima, ila" utasoma mpaka mwisho kwa sababu wewe ni mtu na umelelewa hapa nyumbani. Mkuu hakulelewa na Mama. Atasoma mstari wa kwanza, atasikia "mzima", ataondoka. Nani anausoma mstari wa pili? Nijibu hilo tu. Ondoa neno hali kabisa. Miwani akitaka kijani apake rangi ukuta.

Kuhusu Mama. Amenikataza kukuandikia habari zake, anasema ukisikia neno dogo utaacha kazi na kazi zenyewe ndizo hizi za kutafutwa kwa tochi. Mimi sijazoea kumvunjia neno. Kwa hiyo sikuandikii habari, nakuandikia vipimo, na wewe ni fundi wa vipimo. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Gauni lake la bluu amelipunguza kwa pini pande zote mbili. Kile kiti cha kwenye ngazi hakitumiki tena kwa kuwa hashuki tena. Ile redio ndogo aliyokuwa akiipandisha sauti mpaka majirani wanalalamika, sasa anasema inampigia kelele.

Soma vizuri, Kaka.

Kitinda


25 Mei

Kitinda,

Mimi mzima, na leo nina furaha. Kidadisi kimewekwa kwenye mashine zote. Ukuta wa Miwani umekuwa kijani kama shamba lililonyeshewa, akawaita wakubwa wake waje kuutazama, akanishika bega mbele yao. Wameamua Mkuu aruhusiwe kuhamisha mizigo ya faili mwenyewe, akitoa kwenye mashine zinazozeeka na kupeleka kwenye zile zinazosema "mzima". Hiyo ni kazi ya kidadisi changu, Kitinda. Watu wamesoma miaka mingi na hawakuwahi kushikwa bega.

Wameniomba nikae mpaka uhamishaji uishe, kwa hiyo likizo imesogea mpaka mwisho wa Agosti. Nilikubali papo hapo. Jumapili nilimwambia Mama, akasema "kazi kwanza, mwanangu, mimi sijambo kabisa". Nikamuuliza juu ya ngazi, akasema wewe unapenda kukuza mambo tangu utotoni. Tulicheka.

Nimefurahi kusikia ameacha kupandisha ile redio. Majirani nao watapumua.

Kaka yako


3 Juni

Kaka,

Njoo.

Nimekaa na karatasi hii tangu maktaba ilipofunguliwa na ndilo neno pekee ninaloliona. Agosti ni mbali. Usiniulize kwa nini kwa sababu nimeapishwa, na aliyeniapisha amelala chumba cha pili na anasikia hata kalamu ikikwaruza, ndiyo maana naandikia kazini. Kwenye simu siwezi kusema kitu. Nyumba yetu unaijua ilivyo, ukipiga chafya chumbani, jikoni wanakuombea afya.

Uliyoyaandika kuhusu redio yameniuma. Yameniuma sana. Njoo tu.

Kitinda


16 Juni

Kitinda,

Mimi mzima. Ila mambo yameharibika.

Ulisema nani anausoma mstari wa pili. Hakuna. Mkuu alisoma "mzima" akapeleka faili za shule moja nzima kwenye mashine ambayo mstari wake wa pili ulikuwa ukilia tangu Aprili: "ila diski ya kwanza inakufa, ila diski ya pili imekufa". Kidadisi changu kiliyaona yote. Kiliyapima sawasawa. Halafu kikatanguliza salama, kama nilivyokifundisha. Mashine ikazimika na haikuamka, na kwa kuwa Mkuu anafuta kule alikotoa, matokeo ya wanafunzi wale hayapo popote. Miaka yote. Mwalimu wao mkuu alikuja mpaka getini, akasimama pale juani na mkoba wake, hakugomba. Afadhali angegomba.

Miwani hajapaza sauti. Ameniambia tu kwamba hakuna kutoka mpaka kila mashine ifunguliwe na diski zake zipimwe kwa mkono, na kwamba mkono huo ni wangu. Siku ya mapumziko imefutwa. Tunalala humu humu, kwenye magodoro nyuma ya makabati, mbele ya feni zinazounguruma. Simu iko getini na kibati changu.

Unasema nije na husemi kwa nini. Siwezi kwenda kwa Miwani na neno "njoo" mkononi, atadhani nakimbia. Na Mama mwenyewe, mara ya mwisho tulipoongea, kasema hajambo kabisa. Nivumilie.

Kaka yako


20 Juni

Kaka,

Mama hajambo

Hapana. Nimekata mstari juu yake na nimeuacha uuone. Mama anaumwa. Nimekula kiapo na ninakivunja, anisamehe.

Ni uvimbe kwenye ini na umeenea. Daktari alituambia tangu Februari, wiki ile ulipokuwa unafunga sanduku, na Mama akanitazama mbele ya daktari huyo akasema kaka yako asijue mpaka akae vizuri kazini. Sasa hali chochote ila maji ya vijiko. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, na uzito wake nauweza kwa mkono mmoja. Daktari alikuja juzi, akakaa kidogo, akaandika dawa ya maumivu peke yake, na alipotoka hakusema tuonane lini.

Kama una mstari wa pili wa kusoma, ndio huu. Ondoka barua hii ikiwa bado mkononi. Mwachie Miwani mashine zake. Njoo umuwahi.

Nimempigia pia msichana wa mapokezi kwenu, ameandika ujumbe kwamba upige nyumbani. Nasubiri.

Kitinda


27 Juni

Kitinda,

Mimi mzima, ila umenitia jakamoyo kweli. Wiki iliyopita niliitwa nikiwa kwenye mashine ya mia tatu na kitu, nikapewa kikaratasi: "Piga nyumbani." Nilikimbia mpaka getini na bisibisi mfukoni. Mlinzi akanipa simu kwa huruma, nikapiga namba ya Mama. Nani kapokea? Mama mwenyewe. "Sijambo, mwanangu, hofu kwako." Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, Kitinda ametoka kidogo, labda amekukumbuka tu. Akanitania kuhusu bomba la bafuni. Alicheka, nikasikia kabisa. Nilirudi ndani miguu imekuwa myepesi.

Juzi kikaja kikaratasi kingine, maneno yale yale. Miwani alikuwa amesimama pale pale, saa mkononi. Safari hii sikukimbia. Nilijiambia ni wewe na mapenzi yako, nikakiweka mfukoni, nikasema nitapiga siku watakayonifungulia. Usikasirike. Najua unanitaka nyumbani, na mimi naitaka nyumbani kuliko unavyodhani, lakini usimtumie Mama kunivuta.

Gari la barua halijaja wiki hii, dereva anaumwa. Kama umeandika, bado sijapata.

Kaka yako


29 Juni

Kaka,

Mama amefariki. Ni alfajiri ya Alhamisi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Tulimzika kesho yake, hatukuweza kungoja zaidi. Nimeanza na hili kwa sababu nimechoka kuweka habari nyuma ya salamu.

Nilipiga tena mapokezi kwenu asubuhi ile ile. Yule msichana akauliza, "Niandike nini, dada?" Nikashindwa. Msiba wa mama yako siwezi kumpa mtu baki aubebe kwenye kikaratasi. Nikasema mwambie apige nyumbani. Nilijua ni maneno yale yale ya wiki iliyotangulia, na bado ndiyo niliyoyasema. Nikakaa na simu ya Mama mkononi mpaka watu wakaanza kuchukua viatu vyao mlangoni.

Ulipopiga baada ya ujumbe ule wa kwanza nilikuwa nimeenda duka la dawa. Niliporudi nilimkuta amekaa kitako, kitambaa kichwani, jasho linamtiririka, anapumua kama aliyepanda ngazi zote. Siku nne alikuwa hajainua kichwa. Akaniambia, "Nimeongea na kaka yako. Hajambo." Nilimgombeza. Nilimgombeza mtu aliye kwenye hali ile, nikamwambia umemfukuza mwanao kwa mdomo wako. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Sasa ulitaka nimjibuje?"

Jioni ya mwisho nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alisema, "Mwandikie sijambo."

Nimeandika, kwa kuwa ndivyo alivyosema.

Kitinda


10 Julai

Kitinda,

Dereva amepona. Alinipa barua zako mbili kwa pamoja, amezifunga kwa mpira. Ya juu ilikuwa ya tarehe ishirini na tisa, nikaisoma hiyo kwanza. Halafu nikaifungua ya ishirini, ukaniambia niondoke sasa hivi nimuwahi.

Kikaratasi cha pili bado kiko kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nacho mfukoni wakati mnamzika.

Miwani aliposikia alivua miwani zote mbili. Amenipa likizo, siku zozote ninazotaka, na nauli kwa gari la kampuni. Nimekaa na ruhusa hiyo juu ya godoro na sijui niende nayo wapi. Nije kumfanyia nani nini? Nafasi ya karibu na dirisha niliiomba kwake. Sikuja alipokuwa akiongea, sioni uso wa kuja nao sasa, na kwako wewe ndiyo kabisa.

Kidadisi nimekiandika upya. Neno hali nimeling'oa. Kinataja makosa ya diski, joto na tarehe, na kikikosa jibu kinanyamaza, kama ulivyoniambia Machi. Ukuta una namba tupu na Miwani anazisoma moja moja. Wale wanafunzi hawatarudishiwa chao.

Mkono wangu ulishaandika "mimi mzima" pale juu, ndiyo maana karatasi imechanika, nilisugua sana. Vipimo ni hivi. Nalala na viatu. Uji wa asubuhi unanirudia. Pete, kikombe, pini za gauni, redio, nimezisoma tena barua zako zote na kila kitu kilikuwa humo, kwa mwandiko unaosomeka. Jumapili nilipewa simu getini nikapiga namba ya Mama. Iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena.

Kaka yako


18 Julai

Kaka,

Sikulaumu leo. Kesho sijui.

Simu ya Mama nimekuwa nikiichaji kila siku, iko mezani kwake pamoja na pete. Jumapili ile ilipoita nilikuwa nimejilaza kitandani pake. Nilijua ni wewe. Nikainuka, nikakaa kitako, nikakiokota kitambaa chake nikajifunga kichwani, nikakohoa kusafisha koo, nikanyoosha mkono. Ndipo nikajiona kwenye kioo cha kabati.

Niliiacha iite. Na ile ya pili pia.

Kitinda